Kumtafutia Kishungi Mwenzake

Ukunda, Diani
5 Julai 1964

Kwa mwanangu mpenzi, Mishi binti Sefu,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako imenifikia katika barua ya mwezi uliopita, nami naiitikia marahaba, marahaba mwanangu, Mungu akukuze na akuhifadhi. Mimi sijambo, ila goti la kushoto ni lile lile, na hilo ulishalizoea. Wasiwasi wangu ni juu yako. Hiyo baridi ya bara unayoisema, kwamba asubuhi nyasi huwa nyeupe na maji ya kunawa yanauma kama nyuki, hainiingii akilini. Ile sweta ivae hata darasani, wakikucheka waache wacheke, kifua si chao. Na ule vizuri. Mahindi na maharagwe ya chuoni kwenu ukiyachoka usiseme umeshiba, omba wakuongeze mchuzi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukisema umeshiba kwa haya tu, mbele za watu, halafu nyumbani unakwangua sufuria. Sijasahau.

Utaona mwandiko umebadilika. Barua zangu zote tangu uondoke aliniandikia mwalimu wetu wa ngumbaru, mimi nikisema na yeye akiyapanga maneno, ndiyo maana zilikuwa nzuri. Hii naiandika mwenyewe. Leo ni siku ya nne, kila siku kipande baada ya alasiri, maana yaliyomo siwezi kuyasema mbele ya mtu. Herufi zikipanda na kushuka kama njia ya Kwale, wewe soma polepole, utafika.

Na lile uliloniuliza mara tatu, katika barua tatu, kama kuna wageni wowote waliofika kwetu kutoka Msambweni, nitalijibu humu humu. Nakuomba usirukie mwisho. Nisomee kwa mpango, kwa sababu nikikuambia moja kwa moja hutanielewa, na mimi nataka unielewe japo usinisamehe.

Nianze na ndege, kwani yeye ndiye aliyenifumbua macho.

Wewe uliondoka mwezi wa kwanza. Siku ya tatu baada ya kukusindikiza stesheni, yule memsabu wa nyumba ya ufukweni, niliyekuwa nikimfulia na kumpigia pasi, akaniita. Bendera ilikuwa imeshabadilishwa, na wao wengi walikuwa wanafunga mizigo. Yeye alikuwa anakwenda Australia kwa dada yake. Akanikabidhi tundu la waya, na ndani yake kasuku. Si kasuku yule mkubwa unayemjua. Huyu hamzidi njiwa, mwili wake wa kijivu kama moshi wa kuni mbichi, uso wa manjano, na kila shavu lina doa la rangi ya chungwa kama bibi harusi aliyepambwa na mtu mwenye mkono mzito. Kichwani ana kishungi. Akitulia kinalala, akishtuka kinasimama wima kama kidole cha mtu anayetoa shahada. Jina lake la kizungu lilinishinda, nikamwita Kishungi, akaitikia siku ile ile.

Nilimwuliza memsabu mbona hamchukui. Akasema ajabu ni kwamba ndege hao asili yao ni huko huko Australia, ila sheria ya huko haimpokei ndege anayetoka nje. Nikamwonea huruma ndege asiyetakiwa kwao. Akanionyesha mtama wa kumpa, na jinsi ya kuokota ule mfupa mweupe wa ngisi ufukweni nimtundikie aunoe mdomo wake. Kisha akaniambia, kwa kile Kiswahili chake cha kukatika katika, kwamba nisije nikamwekea mwenzake. Akiwa mmoja atanipenda mimi, atakaa begani mwangu, ataniimbia. Wakiwa wawili watapendana wao kwa wao, na mimi nitakuwa mtu wa kuleta mtama tu.

Maneno hayo, Mishi, yalinikaa moyoni kama yaliyogongewa msumari. Nyumba ilikuwa imenyamaza mno. Kitanda chako nilikuwa sijakitoa shuka.

Basi tukaishi, mimi na Kishungi. Baada ya adhuhuri nilikuwa nikijilaza kwenye mkeka, mlango wazi, na vijidoa vya jua vilivyopita kwenye makuti vikitembea sakafuni taratibu kama vifaranga. Nilimfungulia tundu akapanda kifuani pangu, akawa anachomoa nyuzi za leso yangu moja moja. Bahari ilisikika kwa mbali kama mtu anayepepeta mchele asioumaliza. Mimi silali wala siko macho. Na katika hali hiyo, sasa nakuambia, nilikuwa nasema na wewe. Nilikuwa nakuuliza umekula, umevaa, nani anakusuka nywele huko. Wakati mwingine nilikuona kabisa umekaa pale kizingitini umenipa mgongo, unachambua mchicha, nami nikaogopa kujigeuza usije ukaondoka. Sikujua kwamba kuna mtu anajifunza.

Siku moja nachuja tui, nikasikia nyuma yangu, "Mishi. Mishi, umekula?" Sauti yangu mimi, ile ile, na kikohozi changu mwisho wake. Nilikiangusha kifumbu, tui likaenda sakafuni lote. Alikuwa Kishungi, kishungi wima, ananitazama kwa jicho moja.

Nilicheka mpaka nikalia. Tangu siku hiyo jina lako likawa linaitwa nyumbani asubuhi na mchana na jioni. Jirani yetu mpya, humjui bado, anaitwa Hannah, wametoka Samburu yeye na mumewe na wanauza maziwa, alikuja na kibuyu chake akaniuliza binti yangu amerudi lini na mbona hatoki nje kumwamkia mtu mzima, au elimu ndiyo imempandisha kichwa hivyo? Nikamwonyesha tundu. Alishika kiuno kwa kucheka. Lakini aliporudi kesho yake hakucheka. Alisema kwao hata mbuzi hafungwi peke yake zizini, atalia mpaka mwenye nyumba achanganyikiwe. Akaniuliza ndege huyu nimemweka eda ya nani, mbona hajafiwa? Nikamjibu kwamba mbuzi wao haliiti jina la mwanangu. Hannah akasema, haya, mama, bora umekiri mwenyewe.

Mwezi wa tano ndipo jambo lenyewe lilipokuja. Kuna karani mmoja wa Kigoa aliyekuwa katika ofisi za serikali kule Kwale, na mkewe alikuwa rafiki wa memsabu. Jumapili moja wakateremka kuja kuogelea, yule mama akapita kwangu. Na yeye ana ndege kama huyu, jike, aliyefifia rangi kidogo. Wao wanarejea Goa kwa meli, mwisho wa mwezi wa sita lazima wawe wameondoka, na jike hana wa kumwachia. Akaniomba nimchukue bure, awe mwenzake Kishungi.

Nikamwambia Kishungi hana haja, ana raha zake, asikie anavyopiga mbinja. Naye Kishungi kama aliyetumwa, akainyoosha shingo akapiga mbinja ndefu, akanyamaza, akasikiliza, akapiga tena. Yule mama alimtazama kwa muda. Akasema huyu ni dume, na mbinja hizo si za kuniimbia mimi. Anamwita asiyekuwapo, na akinyamaza ndipo anapongoja ajibiwe.

Sikupenda kuambiwa hivyo nyumbani kwangu. Nikamwambia nitafikiri.

Na kweli nilifikiri, sikufanya kazi nyingine. Leo nasema nitamchukua, kesho nasema la. Nilimwambia Hannah tundu ni dogo. Akasema mumewe atalipanua. Nikamwambia huenda wakapigana wakatoana macho. Akasema na sisi tuliolewa hivyo hivyo, na macho tunayo. Nikamwambia kelele za wawili zitanipasua kichwa. Hapo akachukua kibuyu chake akaenda zake. Visingizio vyangu vyote vilikuwa vya kweli, mwanangu, na hata kimoja hakikuwa sababu. Sababu ilikuwa moja, nami sikuitamka: akija mwenzake, nani ataliita jina lako humu ndani?

Hannah ndiye aliyetoa shauri la kioo. Aliona nimeng'ang'ania, akasema kama simpi mwenzake basi nimpe kivuli chake adanganyike. Nikakichukua kile kioo chako cha duara ulichokiacha dirishani, nikakifunga kwa uzi ndani ya tundu. Ee Mishi, ungeiona furaha yake. Alikiinamia, akakigonga kwa mdomo, akakiimbia nyimbo ambazo sikuwahi kuzisikia. Nikasema hili limekwisha. Amepata mwenzake, na mimi sikumpoteza.

Lakini siku zilivyokwenda akaacha kupanda begani. Nikifungua mlango wa tundu hatoki. Na jina lako akawa halisemi kwangu tena, anakisemea kioo. Anakisogelea, anasema taratibu, Mishi, umekula? Kisha ananyamaza, anangoja.

Halafu nikaona anakonda. Mtama naweka, mtama unakwisha, ndege mwepesi kama jani kavu. Nikakaa chini siku moja, Jumatano tarehe ishirini na nne, nikamtazama tangu asubuhi mpaka jua likawa kichwani. Nikaona. Alikuwa anakula punje, anakwenda mbele ya kioo, anatikisa shingo, anazitoa tena tumboni na kumpa yule wa ndani ya kioo, mdomo kwa mdomo. Punje zinateleza zinaanguka. Anashuka, anaziokota, anapanda, anampa tena. Kioo kizima kilikuwa kimeganda uji wa mtama, hata sura yake mwenyewe haionekani tena, na bado anapeleka. Nilipomshika, mfupa wa kifua chake ulikuwa na makali kama kisu.

Nilikaa pale na kile kioo mkononi sijui kwa muda gani. Hannah akapita akaniita, nikamsikia kama mtu anayeita kutoka chini ya maji. Nilikuwa nafikiri, ndege hana kosa, amefanya aliloweza kwa alichopewa. Aliyekifunga kile kioo ni nani?

Alhamisi nilipanda Kwale. Nyumba ya yule Mgoa ilikuwa imebaki masanduku matupu, na yule mama aliponiona na kapu langu akaja kunishika mikono yote miwili, akasema alikuwa ameshaanza kufikiri kumfungulia jike aende zake porini, ambako asingemaliza siku. Jike aliniuma kidole kabla hata hatujafika Kombani. Hannah alipoona damu akasema huyo ndiye mkwe hasa, ameingia na adabu zake.

Siku tatu za kwanza hapakuwa na mapenzi yoyote. Kishungi alijibana pembeni akiogopa, maana wa kwenye kioo hakuwahi kumgeukia na kumfokea. Jike alimpa mgongo. Nikasema nimeharibu. Jumapili asubuhi natoka kusali, nikaona jike ameinamisha kichwa, na Kishungi anamkuna manyoya ya shingo, moja moja, kwa upole ule ule aliokuwa akinichomolea nyuzi za leso. Alipomlisha, jike alikula. Niliona koo lake likimeza.

Tangu hapo hajaliita jina lako tena. Leo ni siku ya nane. Nikileta mtama wananitazama wote wawili kama mpishi aliyechelewa, kisha wanaendelea na mazungumzo yao. Memsabu alisema kweli. Ila hakuniambia kwamba nitaweza kuvumilia.

Sasa, Mishi, kaa kitako.

Walikuja. Wageni wa Msambweni walikuja, wiki ya pili baada ya Idi ya kufungua. Wazee watatu wa ukoo wa Chirau, wamevaa kanzu, na barua ya posa imefungwa ndani ya kitambaa cheupe kinachonukia marashi. Walikuja kukuposa kwa ajili ya Suleiman, yule dresa wa hospitali. Nafikiri wewe ulijua kwamba watakuja, ndiyo maana ukawa unauliza.

Desturi yetu unaijua. Mwanamke mjane haifungui barua ya posa. Anaipokea, anawapa wageni maji na heshima zao, kisha anaipeleka kwa wali wa binti, msimamizi wake katika ndoa, naye ndiye anayeifungua, anamwuliza binti, na kurudisha jibu. Kwako wewe ni ami yako Alfani wa Majoreni. Kazi yangu ilikuwa kuibeba tu. Niliibeba mpaka kwenye sanduku langu la nguo. Kila nilipojitayarisha kwenda Majoreni goti likauma, au mvua ikanyesha, au nikaona bora nimalize kwanza kufua.

Lingeishia hapo lingekuwa uvivu. Lakini baada ya Idi ya kuchinja Bi Jumwa, mama yake Suleiman, alikuja mwenyewe. Wewe ulikuwa umebakishwa chuoni likizo ya Aprili kwa yale mazoezi yenu ya kufundisha. Aliniuliza kwa adabu kama wangoje au wasingoje. Alisema anajua kimya nacho ni jibu, ila kijana wake amekataa kulipokea jibu la kimya. Na mimi, kwa kinywa hiki hiki kilichokufundisha kusema, nilimwambia umeulizwa, umesema humtaki, unataka masomo yako.

Alinishukuru kwa kumwambia wazi. Chai yake hakuimaliza.

Na wiki ile ile barua yako ya pili ikaja, unauliza habari za wageni, nikamwambia mwalimu wa ngumbaru aandike kwamba hakuna aliyefika ila muuza maziwa. Maskini mwalimu wa watu, hakujua kalamu yake inaandika uwongo. Hiyo ndiyo sababu barua hii sikumpa aiandike.

Sikumkataa Suleiman kwa ubaya. Sina neno juu yake. Nilikuwa nimeshaona, kule kwenye mkeka wangu mchana, jinsi utakavyomaliza masomo ukarudi kufundisha hapa Ukunda, tukala sahani moja mimi na wewe mpaka nizikwe. Nilikuona hivyo kila siku mpaka ikawa kama ni ahadi uliyonipa. Hukunipa. Mimi ndiye niliyekuwa nakisemesha kioo.

Jumatatu iliyopita nilikwenda Msambweni. Bi Jumwa alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, sikutaka kukaa kwenye mkeka wake kabla hajajua. Aliumaliza kwanza ule msuko. Kisha akaniambia nimemfanya amvunje mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, kwamba yeye ndiye aliyempelekea Suleiman jibu lile, na tangu siku hiyo kijana anakula kama mtu anayetimiza amri. Akasema leo hanisamehi, na kesho haahidi. Halafu akanitazama nilivyojiegemeza ukutani, akaniambia haya, kaa, mtu hafukuzwi na goti kama hilo.

Nilikaa. Akanieleza kuna maneno yameanza juu ya msichana mmoja wa Vanga, ila barua haijaandikwa. Akasema watangoja mpaka mwisho wa mfungo sita, mwezi wa Maulidi, kwa ajili ya mwanawe, si kwa ajili yangu, na siku moja zaidi hawangoji.

Jumatano nikaenda Majoreni. Kile kitambaa nilikiweka mkononi mwa ami yako, bado kimefungwa, marashi yameshaisha. Alinigombeza mpaka sauti ikamkauka, mkewe akaleta maji, akanywa, akaendelea. Ana haki. Alipochoka aliifungua, akaisoma kimya, akaikunja. Akasema sasa neno ni la Mishi.

Nami nasema hivyo hivyo. Sikuulizi kama unamtaka. Huenda unamtaka, huenda ulikuwa unauliza kwa jambo jingine kabisa na mimi mjinga nimejihangaisha bure. Huenda unataka masomo yako kweli, na uwongo wangu ulibahatika. Sijui. Hilo nalo ni la kuniaibisha, kwamba nilikusemea jambo hili na sijui ungesema nini.

Nimekuandikia kabla ya likizo ya Agosti ili ukija uje ukiwa unajua. Ukiona huwezi kuja kwangu, shukia kwa ami yako. Nguo zako nitakuletea huko huko Majoreni, nitazikabidhi mlangoni, na sitaingia usipoita.

Hannah anakusalimu, anasema anataka akuone kwa macho baada ya kukusikia. Wanafunzi wenzangu wa ngumbaru nao wanakusalimu, na mabinti wenzako wa madrasa. Wasalimu wenzako chumbani, mmoja mmoja kwa jina lake, hasa yule anayekuazima blanketi. Nakuombea kila baada ya sala, na nitaendelea, hata ukikasirika, maana hilo halihitaji ruhusa yako.

Na neno la mwisho, lishike. Jibu lako la posa usiniandikie mimi, wala usilitie ndani ya barua yangu, wala usinipe nimpelekee mtu. Mwandikie ami yako moja kwa moja. Usinionyeshe hata bahasha. Likiwa ndiyo au likiwa la, mimi nitalisikia siku watakayolisikia majirani.

Ni mimi mama yako,
Mwanatumu binti Boga